Taa Moja

Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, haukurudi mpaka Machi. Waya unaoleta umeme kutoka bara, chini ya bahari, ulikuwa umeharibika. Wenzangu wanaukumbuka msimu ule kwa joto la kaskazi na foleni za visimani, maana pampu za maji nazo zilisimama. Mimi namkumbuka binti wa dada yangu.

Alikuja kutoka Wete, Pemba, ana miaka 15, aanze kidato cha tatu mjini. Dada hakujua kwamba mimi na mume wangu hatusemezani, miezi minne sasa. Bangili zangu sita za dhahabu, alizonivisha marehemu mama siku ya harusi, mume wangu alikuwa amezitoa kabatini na kuziweka rehani apate mtaji. Biashara ikazama. Nilipouliza, alijibu neno moja tu: "Zitarudi."

Umeme ulipokuwepo, yeye alikaa sebuleni na televisheni yake, mimi chumbani na redio yangu, na siku ikapita bila kukutana. Sasa mafuta ya taa yalikuwa ghali, taa ya chemni tulikuwa nayo moja, na mtoto lazima asome. Kwa hiyo kila usiku tulikaa watu watatu kwenye mkeka mmoja, yeye katikati.

"Mwambie baba yako mdogo chakula tayari."

"Mwambie asinisumbue."

Mtoto alinigeukia, akasema kwa upole, "Anasema atakula baadaye, mama mdogo."

Maneno yote mawili niliyasikia mwenyewe, la mume wangu na lile alilolilainisha mtoto. Alifanya hivyo kwangu na kwa mume wangu, kila usiku, wiki baada ya wiki. Kila kauli kali tuliyoitoa ilipita kwake kwanza. Na sisi, watu wazima, tukamwacha.

Usiku mmoja wa Januari nikasema, "Mwambie kesho akachote maji yeye, mgongo unaniuma." Hakuinua kichwa kwenye daftari. Nikarudia. Akalifunga daftari.

"Mama mdogo, baba mdogo yupo hapo. Mie nimechoka kusema uongo."

Akachukua taa, akaenda nayo chumbani.

Uso uliniwaka kwa hasira. Nilikwishaamua: kesho namkatia tiketi ya boti, arudi Pemba kwa mama yake. Nilikuwa nainuka nikapapase mlango, ndipo mume wangu aliposema, "Sikuziweka rehani. Niliziuza."

Sikumwona uso, na naamini ndiyo maana aliweza kusema. Akaeleza alimuuzia nani, kwa kiasi gani, na jinsi alivyopita mara tatu mbele ya duka la sonara akiogopa kuingia kuuliza kama bado zipo. Nililia. Nikamwambia yote niliyoyaweka moyoni, mengine hayahusu bangili hata kidogo. Adhana ya alfajiri ilitukuta hapo hapo mkekani.

Sikumsamehe usiku ule. Tuliachana mwaka 2013, lakini tuliachana tukisemezana, na hilo nalithamini mpaka leo.

Kulipopambazuka nikatoka na mtoto kwenda kisimani. Macho yake yalikuwa yamevimba, kumbe naye hakulala. Tukamkuta mume wangu keshapanga foleni, madumu mawili miguuni, watu wanne mbele yetu.

"Mama mdogo," akaninong'oneza, "nifungashe nguo zangu?"

Nikamshika mkono. Nikamwomba radhi, pale pale mbele za watu, kwa kila neno nililomtwisha. Akainamisha kichwa, akawa anavutavuta ncha ya mtandio wake. Hakuzoea kuombwa radhi na mkubwa.

"Tusogee, mama mdogo," akasema. "Foleni inakwenda."