Usivute mkono kwanza

Assalaam alaykum ndugu zangu, Ijumaa njema. Leo tukae kidogo na hili jambo la kuagana, maana mi mwenyewe nimelifanya vibaya miaka yote.

Mwaka jana msimu wa kusi, ule upepo utokao kusini, nlitoka Kiwayu narudi Lamu na jahazi, mashine ikafa hatujafika mbali ikabidi watweke tanga, na ukirudi Lamu wakati ule upepo unakupiga usoni, kwa hivo ni kubisha tu, yaani kwenda mshazari huku na huku, safari ya siku moja ikawa tatu. Kufika Mkanda, ule mkondo mwembamba baina ya Manda na bara, maji yashapwa, tukakaa pale ubavuni mwa mikoko tunangoja yajae. Abiria sita hatujuani. Mama mmoja wa Faza akatoa mkate wa mofa na papa mkavu akagawa bila kuuliza nani kabeba nini, kijana wa Mombasa alokuwa akitapika tangu asubuhi tukampa ndimu anuse, na mzee wa Kizingitini akatuchekesha mpaka nahodha akasahau kununia mashine yake. Siku tatu chomboni wallahi huwezi kumficha mtu kitu, hata unavyokoroma wanajua.

Alafu gatini Lamu si mnajua, kelele, mizigo, ngazi zina utelezi, kila mtu mbio. Nikasema haya jamani tutaonana (hata inshallah sikusema, Mungu anisamehe) nikampa mzee mkono wa haraka haraka. Hakuuachia. Akasoma kwa sauti ya chini, Astawdiullaha dinaka wa amanataka wa khawatima amalika, yaani naiweka kwa Mwenyezi Mungu dini yako, amana yako na mwisho wa amali zako. Mi nishaona haya, hamali keshanipita na begi langu, mwisho nkauvuta mkono.

Baadaye nkaisikia darsani hadithi ya Ibn Umar, iko kwa Tirmidhi, kwamba Mtume (S.A.W) akimuaga mtu hushika mkono wake na hauachi mpaka yule mtu auache mwenyewe. Nlinyamaza kimya.

Wazee wetu walokuwa wakienda Arabuni kwa upepo wa kusi hawakuwa na simu, anobaki pwani hana la kushika ila hilo neno, kwamba huyu nimemkabidhi kwa Asiepoteza amana. Sisi tunabadilishana namba tunaona yamekwisha. Ya yule mama wa Faza niliandika na vidole vimelowa, kuja kuitazama nyumbani ina tarakimu tisa. Basi namuombea tu, yeye na yule mzee, kila nikisikia tanga likipigapiga.

Juzi jirani yangu alikuwa anaenda Mokowe, ng'ambo bara, kupanda basi, nkamshika mkono nkamsomea nkatulia. Akangoja, akanitazama, boti inapiga honi. "We leo una nini? Niachie nitaachwa!" Akauvuta mwenyewe akaruka ndani anacheka.