Inuka, Ule

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma lililopita dada mmoja wa jumuiya yetu aliniandikia saa tisa za usiku. Moyo unamwenda mbio, viganja vinatoka jasho, usingizi umekatika tangu saa saba. Hakuna jipya lililotokea. Ni ada ya shule, ni mwenye nyumba, ni mkataba wa kazi unaoisha Desemba. Ameomba, amekemea, bado. Nami, kwa haraka ya mtu aliyeamshwa, nikamtumia Wafilipi 4:6, “Msijisumbue kwa neno lo lote,” nikaweka na vile vikono viwili vya maombi. Akajibu, “Asante mama.” Nikalala.

Kulipokucha nafsi ikanisuta. Aya ni ya kweli tupu, ila nilimpa kama anayemchungulia aliyetumbukia kisimani akamwambia asilowe.

Ndipo nikafungua 1 Wafalme 19. Sura moja nyuma, moto umeshuka mlima Karmeli, mvua imerudi, nabii Eliya amekimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha unakuja ujumbe mmoja tu kutoka kwa malkia Yezebeli, wa kutishia kumwua, na shujaa huyo anakimbia mpaka Beer-sheba, kusini kabisa. Hapo anafanya jambo ambalo wengi wetu hulifanya mawazo yanapozidi: anamwacha mtumishi wake, anaingia jangwani peke yake. Mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, anasema, “Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu.” Nabii mzima huyo anaomba kufa.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya ile sauti ndogo, ya utulivu, ambayo Mungu alisema nayo na Eliya baadaye kule mlima Horebu. Mkate ulioitangulia huwa tunaupita haraka. Eliya analala. Malaika anamgusa: “Inuka, ule.” Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, na (hapa napapenda) analala tena, wala hakemewi. Malaika anarudi mara ya pili: “Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako.” Swali la Mungu, “Unafanya nini hapa, Eliya?”, linakuja baada ya kulala mara mbili, kula mara mbili, na safari ya siku arobaini. Mimi nilimwanzia yule dada kwa somo. Mungu alimwanzia nabii wake kwa mkate.

Nikampigia simu. Sikuuliza habari za maombi, nikauliza amekula nini. Kimya. Kumbe alikuwa siku ya tatu ya kufunga kwa ajili ya ile ada, na ili asisinzie kwenye mkesha alikuwa akinywa kahawa nzito jioni. Kahawa ya saa kumi na moja jioni, ukifika saa nne usiku karibu nusu ya nguvu yake bado inazunguka mwilini. Tumbo tupu, kafeini, usingizi wa saa mbili: mwili wa namna hiyo utapiga kengele ya hatari hata kama nyumba haina moto. Mapigo yanakwenda mbio, halafu akili inatafuta sababu ya kuyaeleza, na sababu maishani hazikosekani. Nilimwambia afungue, ale, alale. Najua wapo watakaonilaumu. Mfungo naupenda, ila Zaburi 127 nayo ni Neno: “Yeye humpa mpenzi wake usingizi.” Na simu ilale sebuleni, tafadhali. Hata tafakari hii, msiisome kitandani.

Kuna jambo wazee wetu walishalijua. Mtu akipona hatari tunasema ameshusha pumzi. Kushusha, si kuvuta. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua kasi, maana upo mshipa wa fahamu unaoshuka toka kwenye ubongo mpaka kifuani na tumboni, na pumzi ndefu ya kutoka huuamsha ukautuliza moyo. Mimi hutumia Zaburi 23. Navuta kwa “Bwana ndiye mchungaji wangu,” nashusha taratibu, taratibu sana, kwa “sitapungukiwa na kitu.” Dakika tano. Siku nyingine ni kumi, na siku nyingine nasinzia katikati ya majani mabichi, na sioni ubaya. Kuimba nako kunafanya kazi hiyohiyo, kwa kuwa huwezi kuvuta ubeti mrefu bila kushusha pumzi ndefu.

Sasa turudi kwa yule mtumishi aliyeachwa Beer-sheba, maana hapo ndipo nilipokaa juma zima: Eliya alimwacha mwenzake, akabaki na mawazo yake peke yake.

Harare, Zimbabwe, yupo daktari wa magonjwa ya akili anayeitwa Dixon Chibanda. Mwaka 2005 alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006, bila jengo wala wauguzi wa ziada, alianza kazi mtaa wa Mbare na watu aliopewa: bibi 14. Aliwafundisha kusikiliza, na wao wakawapokea watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Wala hawakutumia majina ya kitabibu. Walisema kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, kama sisi tunavyosema fulani “ana mawazo.” Hatua yao ya kwanza huiita kuvhura pfungwa, kufungua mawazo. Mtu anamwaga yote, kisha bibi anamsaidia kuchagua tatizo moja, moja tu, na hatua ndogo ya kulikabili. Baadaye wanaotoka benchini hukutana kwa vikundi, wanazungumza huku wakifuma mikoba. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti: baada ya miezi sita, waliokaa benchini walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Nilipoyasoma niliona aibu kidogo. Kanisani kwetu mabenchi tunayo mengi, na bibi tunao.

Basi nilikwenda kwa yule dada, tukaketi barazani, akayamwaga. Katika matatizo yake matatu akachagua la mwenye nyumba. Nikamsindikiza. Mzee wa watu hakuwa simba, alikubali kupokea nusu sasa na nusu mwezi ujao. Ada bado. Mkataba bado. Lakini usiku ule alilala mpaka saa kumi na moja. Hata Eliya, katika maagizo aliyopewa Horebu, alipewa Elisha wa kwenda naye.

Neno moja kwa wanaotumia dawa walizoandikiwa na daktari: msiziache kwa sababu ya haya niliyoandika. Luka alikuwa tabibu, tena Paulo anamwita mpendwa. Moyo kwenda mbio huweza pia kutokana na upungufu wa damu au tezi ya shingoni, kwa hiyo kapimwe. Na ukijikuta umefika kwenye yale maneno ya Eliya, ya kutamani kufa, usikae chini ya mretemu. Mwambie mtu leo hii, nenda hospitali leo hii, na usiende peke yako.

Juu ya kutembea sina maelezo marefu. Wataalamu wa afya wanasema angalau dakika 150 kwa juma, mwendo wa kukaza kidogo. Kwa hiyo Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunaanzia getini pa kanisa, mpaka darajani na kurudi. Atakayetaka kuzungumza azungumze, atakayetaka kunyamaza anyamaze. Njooni na raba na chupa ya maji. Dada yetu amesema atakuwepo. Uji wa ulezi nitapika mimi.