Minara ya spika: kilo 42, na kilo 5 zinaiangusha

Jana usiku nilivuta mnara wa spika zangu kwa mizani ya ndoano, ikasoma kilo 12 na ushei ndipo mnara ukaanza kuinua kisigino. Namba hiyo nimeihangaikia wiki tatu.

Maboksi yenyewe yalishaisha: wufa (spika za besi) mbili za inchi 8 kila upande, twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ya kuba ya hariri, sentimita 120 kwenda juu, upana 30, kina 38. Plaiwudi ya baharini ya milimita 18. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, niliapa zamani kutoutumia. Hewa ya Mombasa ikipata ukingo usiopakwa rangi, ubao unafura kama mkate kwenye chai. Sauti imetoka vizuri, sina malalamiko. Kazi iko kwa mwanangu wa miaka 2.

Nilijidanganya kwamba kilo 42 zinajilinda zenyewe. Mtoto wa kilo 12 atausukuma wapi mzigo ule? Ijumaa moja mamangu akaja, akautazama mnara juu mpaka chini, akasema, "Mwanangu, hilo kabati lako la kelele litakuja kumlalia mtoto." Nikacheka. Alipoondoka nikaenda kuazima mizani ya ndoano kwa muuza samaki, nikafunga kamba juu kabisa, nikavuta kuja mbele polepole, shemeji kashika nyuma. Kilo 5. Tano! Mtoto akishika ukingo na kujiegemeza nyuma anazipata hizo bila jasho.

Kilichoniudhi ni kwamba upande wa mbele ndio niliouamini, maana kina kinazidi upana. Sikuzihesabu sumaku nzito za wufa. Wufa zote zimening'inia mbele, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko sentimita 14 tu kutoka ukingo wa mbele, si 19. Zidisha 42 kwa 14, gawa kwa 120: 4.9. Mizani ya samaki haikusema uongo. Ubavuni, na wembamba wote ule, unataka kilo 5.25.

Nikakimbilia mchanga wa kuongeza uzito. Mara ya kwanza niliuchota ufuoni Nyali, ujinga mtupu: chumvi inavuta unyevu, skrubu zikaota kutu kabla sijafunga kifuniko. Nikanunua wa mto, nikaukaanga kwenye sufuria kuukuu hadi ukauka. Mke wangu akachungulia jikoni, akauliza leo tunakula nini. Kilo 12 zikaingia sehemu ya chini ya boksi. Nikavuta tena: 6.8. Jasho lote lile kwa kilo 2 hazijatimia!

Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa naongeza uzito pasipotakiwa kuongezwa uzito. Kinachotakiwa ni unyayo. Fundi wa kuchomelea akanikatia chuma bapa, miguu inatokeza sentimita 12 mbele na 8 kila ubavu. Hapo ndipo zile kilo 12 za jana usiku zilipopatikana. Ncha nimezivika mpira wa kandambili za zamani, kwa sababu mguu unaouzuia mnara usianguke unaweza pia kumkwaza mtoto mwenyewe. Nyumba yetu ni ya Mji wa Kale, chumba chembamba, upana wake ni urefu wa boriti za dari tu, hakuna njia ya kupita mbali na spika.

Mkanda wa kuufunga mnara ukutani nao umenitesa. Ukuta wa matumbawe na chokaa, ukiutoboa kwa drili iliyowashwa mgongo wa nyundo, yaani inayogonga huku ikizunguka, unapata pango, si tundu. Plagi ya plastiki ikachomoka kama jino la utotoni. Zima nyundo, izungushe tu, tena kwa keekee kali. Wanaosema drili ni drili hawajawahi kutoboa jiwe la pwani. Sasa nimepuliza vumbi, nimejaza epoksi, nimeiacha ikauke. Kesho naivuta kwa mizani ileile. Mkanda siuachi hata kama miguu inatosha, kwani mtoto akianza kupanda, hesabu zangu zote zinabadilika.

Mengine madogo. Twita ilishabonyezwa kidole. Kuba la hariri nililivuta kwa utepe likarudi, la chuma lingebaki na kovu. Sasa ina wavu. Na ule mkwaruzo wa besi niliodhani ni koili, ule waya uliozungushwa ndani ya wufa, kusugua? Gololi, ndani ya bomba la hewa. Bomba nalo limepata wavu.

Wikendi hii ilikuwa ya varnishi. Lakini nilipolala sakafuni kukaza miguu, nikaona lile daka kubwa la ukutani lililojaa vyombo visivyotumika. Boksi likilazwa mle, wufa mbili zikatazama chumba, hapana mnara, hapana mkanda, hapana mchanga wa kukaanga. Nimeshapima: kina sentimita 31. Plaiwudi iliyobaki inatosha boksi moja na nusu. Asubuhi nimekata vipande vitatu vya kwanza, kopo la varnishi bado halijafunguliwa, na mke wangu ameuliza vyombo vyake vitahamia wapi.