Siku moja ya wawili Lubumbashi: misalaba ya shaba, injini ya mvuke na malakiti

Waafrika Mashariki tulioko Lubumbashi tunaifahamu vizuri barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, maegesho ya malori na masoko. Makumbusho ya taifa yaliyo katikati ya mji wengi wetu tunayapita nje tu, na ni hasara kubwa. Humo ndimo unaposimuliwa kwa vitu vya kushikika uhusiano wa nchi hii na pwani yetu, karne nyingi kabla ya lori la kwanza. Kwa mtu na mwenzi wake wenye siku moja ya mapumziko, ratiba inayofaa ni makumbusho asubuhi, kituo cha treni kabla ya chakula, kisha malakiti, mawe ya kijani yanayouzwa kando ya barabara, alasiri.

Asubuhi ni kwa ajili ya mwanga. Umeme hukatika mara kwa mara mjini, kwa hiyo bebeni tochi ndogo hata kama taa zinawaka. Kwa kiingilio wekeni faranga za Kongo za noti ndogo. Dola zinapokelewa sehemu nyingi, ila noti iliyochanika hata kidogo ukingoni hukataliwa, na chenji hurudi kwa faranga. Ruhusa ya kupiga picha iulizeni mlangoni kabla ya kutoa simu. Salamu itangulie swali lolote: “Yambo, papa” au “Yambo, mama”. Maandishi ya kwenye makabati ni ya Kifaransa; asiyekisoma aombe kuongozwa kwa Kiswahili, kwani ndiyo lugha ya mji huu.

Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1946 na mwakiolojia Francis Cabu, enzi mji ukiitwa Élisabethville. Yana mambo mengi, lakini mwenye saa mbili tu azipeleke nyingi kwenye misalaba ya shaba, iliyowahi kutumika kama fedha. Ni ile ile iliyochorwa kwenye bendera ya Katanga, jimbo hili lilipojitenga mwaka 1960, na kwenye sarafu zake za 1961. Msalaba mkubwa wa zama za karibuni una kama sentimita 20 kutoka ncha hadi ncha, na uzito wa kati ya nusu kilo na kilo moja. Mikono yake minne imekaa kama herufi X.

Hapo ndipo tochi inapofanya kazi. Ukimulika kwa mbele, utaona kipande cha metali cha rangi ya kahawia, basi. Inamisheni tochi hadi mwanga upite kwa ubavu. Uso mmoja utaonekana umenyooka, na mara nyingi una mgongo mwembamba unaofuata katikati ya kila mkono. Huo ni alama ya mfereji uliochorwa ndani ya kalibu. Uso wa pili una vishimo na mikunjo, kwa sababu kalibu ilikuwa wazi juu na shaba ilipoa ikiwa imekutana na hewa. Mwenzi mmoja amulike, mwingine aangalie, halafu mbadilishane.

Madini yaliyotumika ni malakiti, jiwe la kijani ambalo, likiwa safi, asilimia 57 ya uzito wake ni shaba. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto, likawekewa mirija ya udongo na mivukuto ya ngozi. Joto kwanza hufukuza maji na hewa ya kaboni kutoka kwenye jiwe, nalo hugeuka jeusi. Kisha gesi ya makaa huondoa oksijeni iliyobaki, na shaba huyeyuka ikifika nyuzi 1,085 za Selsiasi. Mivukuto ikilegea, joto haliifikii hatua hiyo na shaba hubaki vipande vipande ndani ya takataka za tanuru. Ndiyo maana kazi hii ilihitaji watu wengi wa kupokezana.

Sasa tafuteni misalaba midogo. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale kwenye bonde la Upemba, uchimbaji wa 1957 na 1958 ulikuta watu wamezikwa na misalaba ya shaba. Ya zamani ni mikubwa na michache. Kadiri karne zinavyosonga inapungua ukubwa, inakuwa mingi na kufanana, mpaka mingine haizidi urefu wa kiungo cha kidole. Wataalamu wanaisoma hali hiyo kama safari ya mali ya heshima kugeuka fedha ya matumizi. Bonde la Upemba lenyewe halina shaba. Ililetwa kutoka huku kusini. Na katika makaburi hayo hayo zilionekana kauri, zile simbi za Bahari ya Hindi. Mtu aliyekulia Tanga, Lamu au Bagamoyo asimame hapo bila haraka, maana safari ya kauri moja kutoka ufukweni mpaka Ziwa Kisale haikuwa ndogo.

Kituo cha treni hakihitaji muda mrefu. Mbele yake imewekwa injini ya mvuke ya zamani. Reli ilifika hapa mwaka 1910 kutokea kusini, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa, na upana wake ni milimita 1,067, sawasawa na TAZARA. Msipige picha kituo wala askari bila idhini. Simu zikichukuliwa, siku imeisha. Tahadhari hiyo ihusu pia lile bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, lenye mita 153, na mlima mweusi wa mabaki pembeni yake. Vinaonekana kwa mbali, na inatosha.

Baada ya bukari (ugali) na sombe (kisamvu), twendeni kwa wachuuzi wa malakiti. Kosa la kawaida ni kununua kwa rangi. Malakiti halisi ni baridi shavuni na nzito kuliko unavyotarajia. Mistari yake haina upana mmoja: kijani hafifu, kijani kibichi, karibu na nyeusi, na huendelea hadi ubavuni mwa jiwe. Ya plastiki hupata joto upesi mkononi, na mistari yake imelingana mno.

Mwenye mizani ndogo ya kidijitali ana kipimo cha uhakika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe sifuri. Funga jiwe kwa uzi, ulizamishe lote bila kugusa ukingo wala kitako. Jiwe la gramu 200 litaonyesha kati ya 50 na 55. Ikionyesha 100 au zaidi, hiyo si malakiti. Kipimo hiki hakifai kwa visanduku na bao za sataranji, kwani huwa ni vipande vyembamba vilivyogundishwa juu ya kitu kingine. Vitu hivyo vipinduliwe, yaangaliwe maungio.

Nyumbani lipanguse jiwe kwa kitambaa laini. Ndimu na siki hulila. Usilisugue kwa msasa, vumbi lake lina sumu, wala usilitumie kama kikombe. Ni jiwe laini, kwa hiyo kila kipande kifungwe peke yake, la sivyo vitachubuana njiani. Kwa anayevuka Kasumbalesa, nunua lililochongwa badala ya jiwe ghafi, kwa sababu ghafi huhesabiwa kuwa madini na lina taratibu zake, na risiti ikae pamoja na pasipoti.