Mikono Ilitetemeka, Wakasema Presha: Kumbe Dawa ya Kifua

Mimi ni fundi cherehani, Tandika, na kazi yangu humuumbua haraka mtu anayetetemeka. Mshono ukipinda nusu inchi, mwenye nguo anauona kabla hajafika kwenye kioo. Kwa hiyo mikono ilipoanza kucheza yenyewe, tena na sare za harusi zimejaa mezani, za mama mdogo wa bibi harusi zikitakiwa shanga kifuani, mnaweza kufikiria hali yangu.

Ilianza kama mafua ya kawaida ya kipupwe. Mafua yakaisha, kifua kikabaki kimebana, makohozi mazito yanagoma kutoka, usiku nakohoa mpaka mbavu zinauma. Nikaenda duka la dawa. Yule kijana tunayemwita dokta, ingawa sote tunajua si dokta, akaniuliza kikavu au cha makohozi, nikamjibu, akanipa chupa ya dawa ya maji "ya kufungua kifua". Kama elfu sita au saba hivi. Nikanywa kama ilivyoandikwa, mililita 10 kutwa mara tatu, kwa kile kizibo cheupe chenye mistari. Nalisema hili mapema kwa sababu najua mtasema nilibugia kwa kijiko cha mchuzi.

Na kifua kilifunguka kweli. Dawa yenyewe siisemi vibaya. Ila pamoja na kifua, na moyo nao ukafunguka! Unaenda mbio kama nimefukuzwa, usingizi haupo, na vidole vinatikisika kwa mtetemo mdogo mdogo, wa kasi, ambao huuoni mpaka ushike kitu chembamba.

Hapo ndipo washauri walipojitokeza. Shoga yangu akasema ni presha, tena akaanza kunihesabia marehemu wa mtaani waliokwenda na presha. Jirani muuza mkaa akasema zile sare zina wenyewe, kuna mtu hataki harusi ile ifungwe, na mimi ndiye nimepigwa njiani. Mteja mmoja akaniletea kahawa nyeusi ya tangawizi, kali, ya kukata makohozi. Nikanywa kwa heshima yake, na baada ya hapo hata kikombe kikawa kinalia juu ya kisahani. Lakini aliyeniudhi kuliko wote ni dokta wa dukani. Nilimrudia nikamweleza, akanitazama na kusema, "Mama, huo ni udhaifu wa ugonjwa. Ongeza kidogo dozi upone haraka." Ongeza! Ningemfuata, ningekuwa nashona kwa meno.

Presha nilipima, ili shoga yangu anyamaze. Ilikuwa sawa kabisa. Kilichokuwa juu ni mapigo ya moyo, yamepita 100 na mimi nimekaa kimya kwenye kiti. Aliyenipima akasema nipumzike.

Sasa nisikilizeni, maana hapa nilijisifu mwenyewe na naendelea kujisifu. Kuna sindano ya shanga, ile nyembamba ambayo tundu lake hata macho mazuri hulitafuta. Nikiwa mzima, naitunga uzi kwa kulamba mara moja. Nikamwambia binti anayejifunza kazi kwangu: leo wewe ni mpimaji. Asubuhi, kabla ya dawa, nikatunga. Uzi ukaingia, ingawa kwa kusuasua. Nikanywa dawa, nikaendelea na kukata vitambaa. Ilipopita kama saa moja akaniletea sindano ileile na uzi uleule. Nikalenga kulia, nikalenga kushoto, nikachoma kidole, nikaulamba uzi mpaka ukawa kama utambi, haukuingia. Mchana wakati dawa inaelekea kuisha nguvu, ukaingia. Nikanywa tena, ukagoma tena. Kesho yake sikuigusa chupa kabisa asubuhi, na uzi ukapita kwenye tundu mara ya kwanza, binti akapiga makofi. Jini gani hilo linalofuata saa za dozi?

Ndipo nikaligeuza boksi. Mbele kuna picha ya mapafu na jina la biashara kwa herufi kubwa. Nyuma, kwa maandishi madogo ambayo nadhani yaliandikwa ili yasisomwe, kuna orodha: bromeksini, gwaifenesini, salbutamol, mentholi. Yaani nilidhani nimenunua dawa moja, kumbe zimo nne chupa moja. Na hilo jina la salbutamol nalijua. Limeandikwa kwenye pampu ya bluu ya mtoto wa kaka yangu mwenye pumu. Nikampigia wifi yangu, sikumweleza chochote, nikamuuliza tu: mtoto akishavuta ile pampu huwa anakuwaje? Akajibu bila kufikiri, "Wifi, akiivuta mara nyingi, mwandiko wake huwezi kuusoma." Nikacheka peke yangu barazani.

Baadaye mfamasia, mfamasia hasa, mwenye cheti ukutani, alinieleza vizuri. Salbutamol hulegeza misuli ya njia za hewa, na mwenye pumu inamwokoa. Ukiivuta kwa pampu, sehemu kubwa ya kazi hufanyika kifuani. Ukiimeza, lazima ipite kwenye damu, izunguke mwili mzima, na huko inakutana na moyo na misuli ya mikono, nayo inaichangamsha. Kwa hiyo kutetemeka, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, wasiwasi usio na sababu, vyote hivyo vinajulikana na vimeandikwa kwenye kile kikaratasi kilichokunjwa mara kumi ndani ya boksi. Na kahawa inaongezea, maana nayo inachangamsha vilevile. Mimi sina pumu, sikuwa nabanwa na pumzi wala kifua hakipigi mluzi. Nilikuwa na makohozi tu.

Mngedhani hadithi imeisha. Nilirudi dukani kwa yule dokta (mfamasia nilikuwa bado sijampata), nikamwambia kwa kiburi cha mtu aliyesoma boksi: nataka dawa isiyo na salbutamol. Akanipa. Kweli haikuwa nayo. Ilikuwa na difenhidramini, jina ambalo mimi sikulijua, na yeye hakuona haja ya kulisema.

Jamani, ile dawa ni usingizi wa chupa. Nilikunywa baada ya chakula cha mchana, nikaketi kwenye cherehani kuunganisha mikono ya gauni la lesi la yule mama mdogo. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, raha mstarehe. Ila kichwa kilikuwa kinashuka chenyewe, mguu unakanyaga, cherehani inakwenda, nami ndani ya moyo wangu nilikuwa nashona vizuri sana. Binti alinigutua nikiwa nimeufunga mkono wa kulia mwisho kabisa, mshono mzuri, umenyooka, nimerudisha na uzi mwishoni ili usifumuke. Mama mdogo angelivaa, angelazimika kutolea mkono shingoni. Kufumua lesi kwa wembe, kila fundi anajua hiyo adhabu. Na mdomo ulikauka hadi ulimi unagandia juu, na makohozi, yale niliyokuwa nimeanza kuyatoa, yakawa mazito kama gundi. Maana dawa za kundi hilo, zile za mzio zinazoleta usingizi, hukausha, tena kikohozi hukituliza wakati makohozi bado yamo. Kwa mwenye kifua kilichojaa, inasaidia nini?

Mimi nilipoteza gauni nusu siku. Bodaboda anayeinywa asubuhi na kuingia barabara ya Mandela anapoteza kingine.

Na kuna mzee wa nyumba ya tatu, ana tezi dume. Alikunywa dawa za mafua za vidonge, zile zenye mchanganyiko wa kukausha pua na kuleta usingizi, na mkojo ukamgomea usiku kucha mpaka wakamkimbiza hospitali kuwekewa mpira. Huko ndiko alikoambiwa kwamba dawa za aina hiyo huweza kuubana mkojo kwa mwenye tezi dume. Dukani hakuna aliyemuuliza umri wake, achilia mbali tezi.

Basi nikaenda famasi kubwa upande wa Temeke, na hapo nikatumia maneno ambayo sasa nawafundisha wateja wangu wote wapende wasipende: "Naomba dawa ya makohozi yenye jina moja tu nyuma ya boksi." Mfamasia akatabasamu, akainama rafu ya chini, akatoa gwaifenesini tupu. Chupa haina mapambo, na bei ilikuwa chini ya zile mbili. Kazi yake ni kuyafanya makohozi yawe mepesi uyakohoe yatoke, na aliniambia ninywe maji mengi. Nayo haikukosa maudhi: siku niliyoinywa tumbo likiwa tupu nilichefukwa karibu nitapike, basi nikawa natanguliza uji. Kizunguzungu kidogo, kimepita. Mikono imetulia, macho yamefunguka, shanga zikakaa mahali pake.

Nilimuuliza na ile ya vidonge ya kufungua pua inayotangazwa kila kona, yenye finilefrini. Akaniambia Marekani wataalamu wanaoishauri mamlaka yao ya dawa walikaa Septemba 2023 wakasema ikimezwa kwa kipimo kile haizibui pua, na mwaka 2024 mamlaka yenyewe ikapendekeza iondolewe kwenye dawa za kumeza. Huku bado tunaipangia foleni.

Maji ya moto yenye ndimu na asali niliyatumia pia, usiku, na sioni aibu. Asali isipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hilo wakunga wote wanalisema. Na watoto wadogo msiwape kabisa hizi chupa za wakubwa kwa kukadiria, hata nusu kijiko, mpeleke akaonwe.

Kukohoa kwenyewe kuliponing'ang'ania kupita wiki mbili, nilikwenda zahanati kutoa kohozi. Kifua kikuu hupimwa na kutibiwa bure, sasa unaogopa nini? Sikuwa nacho. Tabibu akasema kikohozi cha baada ya mafua huweza kuburuza hivyo na kukoma chenyewe, akaniuliza kama natumia dawa ya presha, maana baadhi yake, akataja enalapril na kaptopril, humletea mtu kikohozi kikavu kisichosikia dawa yoyote ya chupa. Nikamfikiria shoga yangu papo hapo. Ana presha, ana sukari, na anakohoa tangu Ramadhani.

Muuza mkaa hajabadilika, anasema jini lilikimbia baada ya yeye kunisomea. Shoga yangu naye alikuja kuiomba ile nusu chupa ya kwanza iliyobaki, eti isiharibike bure. Nikamwambia imejaa sukari, ina kitu kinachokimbiza moyo na kupandisha sukari ya damu, na yeye anachotakiwa kupeleka kliniki ni boksi la vidonge vyake vya presha ili wamwangalizie jina. Alinuna. Ila Jumatatu alipita hapa amevaa baibui la kutokea, boksi mkononi, akinitaka nimwazime nauli.