Ndani ya Mistari Hakuna Shikamoo

Katika mechi yetu ya kwanza ya voliboli ya ufukweni mpira ulianguka katikati yetu mara nne, na mara zote nne mwenzangu aliniangalia akasema, "Samahani, dada." Haikuwa mipira migumu. Ilikuwa sevu za juu, mipira ya kuanzishia mchezo, za kawaida, zilizohitaji mmoja wetu apaze sauti tu: "Yangu!" Mimi nilidhani ataichukua yeye. Yeye alikuwa akiningoja mimi, kwa sababu mtoto aliyelelewa vizuri hamkatizi mkubwa wake njia.

Nilikuwa na miaka 37, kumi na mmoja kati ya hiyo nikishindania zawadi za fedha kwenye mchanga wa Pwani hii. Mwenzangu wa zamani alikuwa amehama Malindi kumfuata mumewe, na mchezo huu hauna mchezaji wa akiba. Ni wawili, na mmoja akishindwa kuendelea, mechi imekwisha. Kocha mmoja akaniletea binti wa miaka 19 kutoka upande wa Magarini, mrefu, mkono mzito, aliyecheza voliboli ya watu sita shuleni kwenye uwanja wa simenti. Mchangani hakuwa amecheza hata seti moja.

Mwezi wa kwanza ulimezwa na mchanga. Kwenye simenti alizoea kukimbia hatua nne na kuruka akienda mbele. Mchangani mguu unazama, kwa hiyo kila mara alijikuta chini ya mpira, mkono umekunjika. Nilimfunza kufupisha hatua, kukanyaga kwa unyayo mzima wa miguu yote miwili, kusukuma chini na kupanda wima. Hapo tukafanya kosa ambalo nalijutia: tulikuwa tukishuka kufanyia mazoezi maji yakipwa, kwenye mchanga mbichi ulioshikana, kwa kuwa pale aliruka vizuri na sote wawili tulifurahi. Tuliporudi juu kwenye mchanga mkavu, ambako ndiko nyavu za mashindano hufungwa, ile ruka yote ikapotea. Tangu siku hiyo kule chini tulikwenda kukimbia tu.

Kitu kingine kilichomsumbua ni kudokoa. Ukumbini, kwenye voliboli ya watu sita, unaweza kuupitisha mpira juu ya bloku, mikono ya mpinzani aliyeruka kuzuia wavuni, kwa ncha za vidole. Kwetu hilo ni kosa. Lazima utumie viungo vya vidole vilivyokunjwa, au kiganja. Alipigiwa filimbi mara nyingi hadi akawa anaogopa kuugusa mpira taratibu.

Hayo yote yalikuwa ya mwili, na mwili hufunzika. Lililonishinda mimi lilikuwa jingine. Uwanja ni mita 16 kwa 8, nusu yenu ni mita 8 kwa 8, na mnaosimama humo ni wawili. Anayesevu ndiye anayechagua nani apokee. Hakuna pa kumficha mtu. Wapinzani wakishamjua mgeni, watamsevia yeye kuanzia pointi ya kwanza mpaka ya mwisho, na mkongwe atakaa mechi nzima bila kupokea mpira hata mmoja. Nikajaribu kumkinga. Nilisogea upande wake nusu hatua, kisha hatua nzima. Wakanisevia nyuma ya mgongo, kwenye kona niliyoiacha wazi. Na yeye aliponiona nimesogea alielewa kwamba simwamini. Hakusema kitu, lakini alianza kupokea mipira akiwa amesimama wima, kama mtu anayesubiri kuondolewa.

Usiku nikakaa na simu kutazama April Ross na Alix Klineman wa Marekani. Klineman alitoka ukumbini akaingia mchangani 2017, Ross akiwa tayari ana medali mbili za Olimpiki, na 2021 mjini Tokyo wakachukua dhahabu, Ross akiwa na miaka 39. Nilikuwa natafuta jambo moja tu: mkubwa anasimama wapi mpira unapoelekea kwa mwenzake. Anasimama kwenye nusu yake, na mpira ukishapokewa ndipo anakimbia.

Basi nikaelewa kazi yangu. Akipokea sevu thelathini, mimi nina mipira thelathini ya kumwandalia, na ubora wa hiyo mipira uko mikononi mwangu. Nikaacha kumrekebisha mapokezi yake, nikaanza kujirekebisha mimi. Kila asubuhi alinirushia mipira mibovu makusudi, mingine nyuma ya kichwa changu, nami niliipandisha kwa mikono ya chini hadi itue mahali pamoja, hatua moja kutoka kwenye wavu. Nadhani hilo lilimpa ujasiri kuliko maneno yangu yote, kuniona nikitoka jasho kwa sababu ya mpira wake.

Lakini bado hakupaza sauti. Na mrefu ndiye anayepiga bloku, kwa hiyo yeye ndiye aliyepaswa kuniongoza. Mimi nikiwa nyuma kusevu, yeye anasimama wavuni amenipa mgongo na kunionyesha ishara kwa vidole: kimoja, nitaziba ubavu, yaani njia ya kando ya mstari; viwili, nitaziba mshazari; ngumi, sipigi bloku, uwanja ni wako. Hiyo ni amri. Yeye alionyesha kidole kimoja kisha akageuka kuniuliza, "Au wewe waonaje, dada?" Timu nzima ya upande wa pili ikawa imesikia.

Nikaenda kwao kuzungumza na mama yake. Nilimweleza kwamba naomba ruhusa binti yake anipigie kelele. Mama alicheka kwanza, kisha akanyamaza akafikiri, akauliza, "Na atavaa nini huko?" Nikamwambia avae nivaavyo mimi, mikono mirefu na suruali ndefu, na kwamba Doaa Elghobashy wa Misri alicheza Olimpiki ya Rio 2016 akiwa na hijabu yake. Akamwita binti, akamwambia mbele yangu, "Kama ni kazi, fanya kazi. Heshima utampa mkitoka." Namshukuru mama yule mpaka leo.

Tukaweka kanuni: shikamoo nje ya kamba, ndani ya mistari hakuna. Kwenye mazoezi, mpira alioupokea kimya ulihesabiwa pointi yangu, hata kama ameupokea vizuri. Wiki mbili alifungwa vibaya. Wiki ya tatu watoto waliokuwa wakiogelea walianza kumuigiza: "Yanguuu!" Nilimsimulia pia kuhusu Brackcides Khadambi na Gaudencia Makokha, wawili wa kwanza kuiwakilisha Kenya kwenye voliboli ya ufukweni ya Olimpiki, Tokyo hiyo hiyo. Walipoteza mechi zote tatu, dhidi ya Brazil, Marekani na Latvia. Aliniuliza swali moja tu, kama Khadambi naye alianzia ukumbini. Nikamwambia ndiyo, Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake.

Mashindano tuliyaingia wakati wa kaskazi. Upepo ulishuka uwanjani kwa urefu, na ndiyo maana pande hubadilishwa kila pointi saba, na kila pointi tano kwenye seti ya tatu. Robo fainali ilifika seti hiyo. Wakiongoza 13–12 tukabadilishana, sisi tukauelekea upepo. Sevu yao ikaja fupi, katikati kabisa, mahali pale pale pa mechi ya kwanza. Mguu wangu ulikuwa umeshaondoka.

"Yangu! Toka!"

Nikasimama. Akapokea, nikamwandalia, nikapaza "Ubavu!" kwa kuwa mlinzi wao alikuwa amekimbilia mshazari, akaupiga mstarini. Ikawa 13–13. Nikasevu dhidi ya upepo, na mpira unaosevuliwa hivyo hushuka ghafla. Hawakuupokea vizuri, wala uliofuata. 15–13.

Nusu fainali tulifungwa seti mbili mtupu, na waliotufunga walistahili. Zawadi tuligawana nusu kwa nusu. Wapo walioniambia mkongwe huchukua zaidi. Sikuona kwa hesabu ipi, ilhali sevu karibu zote alipokea yeye.

Jumatatu alifika alfajiri, akavua viatu nje ya kamba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Akavuka mstari, akaenda wavuni, akanipa mgongo na kunionyesha ngumi.