Berlin kwa siku tatu: Potsdam, Sachsenhausen na mifupa ya Tendaguru

Ratiba yangu ilianza na siku za kufungwa, ndipo nikachagua pa kwenda. Jumatatu makumbusho mengi ya Berlin hayafunguliwi, na kasri la Sanssouci huko Potsdam, mji jirani, nalo hufungwa. Kasri jingine, Neues Palais, lililo ncha ya pili ya bustani ya Sanssouci, hufungwa Jumanne. Kwa hiyo Potsdam niliipa Jumatano.

Tiketi ndizo zinazowaponza wageni. Usafiri umegawanywa kanda A, B na C. AB yatosha mjini, lakini Potsdam na Oranienburg (kituo cha kushukia kwenda Sachsenhausen) ziko C. Mwenye AB hununua nyongeza ya C tu. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kijisanduku cha jukwaani kabla ya kupanda treni. Isipogongwa, kwa mkaguzi ni sawa na kutokuwa nayo, na faini ni yuro 60. Ya saa 24 huanza kuhesabiwa unapoigonga, hivyo usiigonge mapema bila sababu.

Kwenda Potsdam, treni ya RE1 kutoka Berlin Hauptbahnhof huchukua dakika 25 hivi. Treni ya mjini, S7, ni kama 40. Nilishuka kituo cha mbele zaidi, Park Sanssouci, karibu na Neues Palais (si kila RE1 husimama hapo, soma ubao kwanza). Kisha nikakata bustani kwa miguu kuelekea mashariki, kilomita 2 hivi, hadi Sanssouci, na kurudi stesheni kuu kwa basi la 695. Kuingia bustanini ni bure. Tiketi ya Sanssouci ina saa yake maalumu, kwa hiyo inunue mtandaoni mapema na ujiachie muda wa kutosha njiani. Ukilitazama kasri kutoka bustanini, kaburi la Friedrich wa Pili, mfalme wa Prussia aliyejenga kasri hilo mwaka 1745 hadi 1747, liko kuliani. Watu huliwekea viazi, kwa kuwa aliwahimiza wakulima kuvilima.

Jumanne niliipa Museum für Naturkunde, makumbusho ya historia asilia, kituo cha Naturkundemuseum, njia ya U6 ya treni ya chini ya ardhi. Kwangu hapa ndipo mahali pa kwanza kwa yeyote atokaye kwetu. Mifupa ya dinosaria Giraffatitan, urefu wa mita 13.27 kwenda juu, ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mizigo ikiwa kichwani. Tenga saa mbili kamili.

Jumatatu ilikuwa ya Sachsenhausen, iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi: S1 hadi Oranienburg, halafu dakika 20 kwa miguu. Hakuna kiingilio. Eneo ni kubwa na halina kivuli, basi beba maji na koti la upepo. Katika kambi hii, Novemba 1944, alifia Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa askari mtoto wa jeshi la Wajerumani na baadaye akafundisha Kiswahili Berlin.

Jioni hiyo nilikwenda Brunnenstraße 193, karibu na kituo cha Rosenthaler Platz, njia ya U8. Jiwe la kumbukumbu la Husen limepandwa kwenye njia ya waenda kwa miguu: kibati cha shaba cha sentimita 10 kwa 10 tu. Tazama chini mbele ya mlango, na uende kabla giza halijaingia.